Sitaiba Memori, Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mbukwa pia, nisije nikaambiwa Uarabuni kumenisahaulisha salamu ya Kigogo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, macho hayajazidi ukungu, na ile siku ya kupasuliwa imeshapangwa hospitali. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umechafuka, na aliyeuchafua ndiye huyo anayekusomea.

Kaka Yona, shikamoo na wewe. Najua umekaa kwenye kiti chako pale sebuleni, mtaani kwetu Kikuyu, umekohoa, umeinyoosha karatasi kama unasoma somo kanisani. Wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye msomaji wa barua za nyumba hii tangu baba afariki, na mimi sitaki msomaji mwingine. Ila usiruke mstari. Magreth, binti wa jirani, aliyekuja nayo likizo kutoka huku, ana nakala ya pili niliyoiandika kwa mkono wangu, na nimemwomba akae hapo hapo afuatishe kwa kidole mpaka mwisho. Magreth mdogo wangu, akiruka, mrudishe.

Mama, nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako haifiki kwako. Nikipiga anapokea Yona. Nikituma ujumbe anausoma Yona, halafu anakuambia anachotaka yeye. Hata ile sauti uliyonitumia, kwamba nisipomletea kaka yangu memori nisitarajie radhi yako, nilimsikia kwa nyuma akikunong'oneza maneno ya kusema. Niliisikiliza nikiwa nimekaa kitandani na viatu vya kazi miguuni. Iliniuma, mama. Iliniuma sana, maana sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwako, hata enzi za utundu wangu wote.

Najua alivyokudanganya. Alisema huku memori zimezagaa kama mabua baada ya mavuno, kampuni inawagawia wafanyakazi, na mimi nimekuwa mchoyo tangu nilipopanda ndege. Basi sikiliza mambo yalivyo.

Memori ni kijibao chembamba, urefu wake kama kidole, kinachomekwa ndani ya kompyuta ili iweze kushika kazi nyingi kwa pamoja. Kikiwa kidogo, kompyuta inasinzia. Zamani vilikuwa vitu vya kawaida. Yona alikuwa akiviweka kwenye kopo la maziwa, katika kibanda chake cha kutengenezea kompyuta, mwanafunzi wa chuo akija anachomekewa chake, anaondoka. Siku hizi wamezuka matajiri wa akili mnemba, zile kompyuta zinazojibu maswali na kuwaandikia insha watu wavivu. Wanajenga mabohari makubwa, na kila bohari linataka memori zisizo na idadi.

Unakumbuka Makutupora, tulipokwenda vibarua vya kuchuma zabibu? Unamkumbuka yule mnunuzi aliyekuja zabibu zikiwa bado chungu, akalipia shamba zima? Zilipoiva, akina mama waliokuja na mabeseni yao walifukuzwa, na wachache waliobahatika waliuziwa zilizopondeka kwa bei ya kutisha. Ndivyo ilivyo sasa. Viwanda vimeshauza mpaka memori ambazo hazijatengenezwa, na mitambo imegeuzwa itengeneze zile za hao matajiri, kwa sababu zina faida zaidi. Mtu wa mtaani kwetu anabakiziwa makapi, tena kwa bei inayopanda kati ya asubuhi na jioni. Yona akilalamikia bei, hapo hasemi uongo. Mwenye duka la vifaa pale mjini hataki hata kumtajia bei kwa simu, na wanafunzi wanamtukana kana kwamba yeye ndiye kaipandisha. Namwonea huruma kwa hilo, na huruma yangu inaishia hapo.

Mimi nafanya kazi kwenye bohari mojawapo. Nashusha maboksi, nayasukuma kwa toroli, nayafungua, kisha mafundi wanachomeka. Ndani kuna baridi ya kukata masikio na mngurumo usiokoma. Nje joto linanipokea kama nimesimama mdomoni mwa tanuri la matofali. Naichukia hiyo mashine ya kujibu maswali, mama. Juzi nilichelewa kidogo nikapewa barua ya onyo kwa Kiswahili, imeandikwa na hiyo hiyo akili mnemba: "Mfanyakazi wetu wa thamani, tunasikitika kwa furaha kukufahamisha kuhusu kuchelewa kwako." Nimesikitikiwa kwa furaha! Memori za dunia nzima zimekombwa, watoto wa watu wanakosa kompyuta, ili mimi niandikiwe upuuzi kama huo.

Tangu bei ipande tunakaguliwa kama wezi. Kabla ya kutoka tunavua viatu, tunageuza soksi, tunafungua vyombo vya chakula. Memori zilizotumika, ambazo zamani zilitupwa kwenye ndoo, leo zina kizimba na kufuli. Yona anajua, nilimweleza. Akanijibu hivi, Magreth fuatisha: "Fanya kama mwanaume. Ni nyembamba, zinaingia kwenye soksi." Kaka, huko ndiko kugawiwa ulikomwambia mama?

Chumbani kwetu alikuwapo mwenzetu mmoja kutoka Nepali, mpole, mwenye tabia ya kuimba akikaanga vitunguu. Walimkuta na memori moja chini ya wali. Moja tu, mama. Hakurudi hata kuchukua ndala zake. Tulipouliza tuliambiwa tusiulize. Kitanda chake amepewa mtu mwingine, na mkewe bado anatupigia simu.

Sasa Yona, hapa ndipo utakapotaka kuomba maji ya kunywa. Soma kwanza.

Mama, Yona hazitaki memori hizi kwa ajili ya wanafunzi wa chuo. Shule ya kule kwetu milimani Kibakwe ilimpa kompyuta zake zote azisafishe vumbi wakati wa likizo. Walimpa bila kuandikishana chochote kwa sababu ni mtoto wako, wewe uliyewapikia watoto wao uji mpaka moshi ukakuharibu macho. Alizisafisha, ndiyo. Halafu akazichomoa memori zake, akaichomekea kila moja kijimemori kidogo cha kuiwezesha kuwaka tu, na zile nzuri akaziuza wakati bei iko juu. Mwalimu wa kompyuta alinitafuta mwenyewe, kwa adabu kabisa, akaniomba nimuulize kaka yangu kwa nini mashine zimerudi zinang'aa lakini kufungua ukurasa mmoja ni shughuli ya kipindi kizima. Nikamuuliza. Yona akaniandikia: "Nilijua bei itashuka, nitazirudisha." Bei haikushuka, imezidi kupanda. Muhula ukianza, watoto wa darasa la mwisho wana mtihani wa vitendo kwenye mashine hizo. Mwalimu amesema atakuja kwako kwanza, kwa heshima yako, kabla hajakwenda kwingine.

Kwa hiyo mimi nilitakiwa niibe huku ili wizi wa huko usionekane, na fimbo ya kunisukumia ikawa radhi yako.

Yona, kuiba umeiba. Maisha yamebana na kazi yako imeharibiwa na watu usiowajua, hilo naweza kulielewa hata nikiwa na hasira hizi. Lakini ulimkalisha mama, haoni vizuri, ukamlisha maneno ya kumtupa mwanawe naye hajui anachokisema. Huo uchafu sijui nitausameheje. Nikirudi nitakuamkia kwa sababu mama yuko hapo, basi. Pikipiki unayo. Iuze, nunua memori kwa bei hiyo hiyo ya uchungu, panda mpaka Kibakwe ukazichomeke kwa mikono yako, mwalimu akikuangalia. Usimtume mtu, na usiseme zilikuwa mbovu.

Mama, mimi sitaiba. Sitaficha hata moja, si kwenye soksi wala chini ya wali. Nataka kurudi nyumbani kwa miguu yangu, nile ugali wa uwele na mlenda uliopika wewe, nikukute unaniona uso.

Nisalimie sana shangazi anayekupeleka kliniki, mwambie namshukuru kwa uvumilivu wake. Nisalimie shemeji, mke wa Yona. Yeye sina ugomvi naye, na nadhani haya anayasikia leo pamoja nawe, anisamehe. Mchungaji mpe salamu zangu, aendelee kuniombea.

Neno lako la radhi nimekaa nalo kifuani tangu nilipolisikia, kazini nalo, kitandani nalo. Sasa umesikia yote. Ukiona bado nastahili kunyimwa, ninyime, nitalipokea maana safari hii litakuwa limetoka kwako kweli. Ukiona vingine, Magreth anarudi huku likizo yake ikiisha. Mwambie yeye, kwa mdomo wako, pasiwe na mtu wa kukunong'oneza.

Mwanao akupendaye,
Lameck

Kaka Yona, umefika mwisho. Mpe mama karatasi yake, kisha utoke nje.