Miche Isiyomenywa

Jumatatu, 10 Septemba 1984

Maji mara mbili kabla ya shule. Mdogo wangu Domina alijikwaa njiani, nikambeba, ndoo ikafika nusu. Hesabu za sehemu, nimepata zote. Jioni kugeuza kahawa kwenye mkeka, kumenya ndizi, kumwogesha Domina. Mgomba mmoja umeanguka upande wa juu wa kibanja, shamba letu la migomba, mkungu wake bado mchanga. Baba anasema ni upepo. Nimechoka.

Jumatano, 12 Septemba

Imeanguka mingine minne. Upepo haukuwapo. Yote ni ya upande wa juu, ilikopandwa miche aliyotupatia Mzee Byabato mwaka juzi.

Naandika hapa ili nisije nikajidanganya kwamba sikujua. Mwaka huo nilikuwa darasa la nne. Mwalimu Paskazia alikuwa ametufundisha kwenye shamba la shule: kabla ya kupanda mgomba, menya tunguu la mche kwa kisu mpaka liwe jeupe, kwa sababu fukusi, wadudu wanaotoboa mashina, hutaga humo. Lakini Mzee Byabato alikuja mwenyewe kutazama miche yake ikipandwa. Zawadi ya miche haimenywi mbele ya aliyeitoa. Ni kama kumwambia kwamba kibanja chake ni kichafu. Na huyu ndiye ambaye Baba alimlimia miaka tisa alipofika kutoka Burundi. Ndiye aliyemkatia ardhi hii. Baba alipanda miche na udongo wake. Mimi nilishika jembe, nikanyamaza.

Jumamosi, 15 Septemba

Sasa ni kumi na mmoja. Baba ameshinda akiegemeza iliyobaki kwa miti. Mama alimwuliza tutakula nini Krismasi ikifika. Baadaye, tukila, Baba alisema kibanja kikifa tutahamia Kihanga. Kuna tajiri huko anatafuta familia ya kumlimia. Anataka wote.

Wote ni pamoja na mimi. Mtoto wa kibarua asubuhi anashika jembe, si daftari. Niko darasa la sita. Umebaki mwaka mmoja tu nifanye mtihani.

Sikumaliza chakula. Domina alimaliza changu.

Jumapili, 16 Septemba

Baada ya misa Mzee Byabato alimshika Baba bega mbele ya watu. "Nasikia migomba yako inalewa kabla ya wanywaji wa pombe yake." Watu wakacheka. Baba naye akacheka, kicheko kifupi.

Nyumbani nilichimbua shina la mgomba mmoja ulioanguka, nikalipasua kwa panga. Ndani matundu meusi kila mahali, na funza weupe. Nilimpelekea Mama kipande.

"Kafukie," alisema. "Usimwonyeshe baba yako leo."

"Kwa nini leo?"

"Leo ameshachekwa."

Jumanne, 18 Septemba

Nilimwuliza Mwalimu Paskazia wakati wa mapumziko. Alijibu polepole ili niandike. Ng'oeni kila shina lenye matundu. Likateni vipande, vianikwe juani. Mahali hapo msipande mgomba mwaka mzima. Kwa migomba iliyobaki, pasueni vigogo, mvilaze kifudifudi chini yake. Fukusi watajificha humo. Kila asubuhi mgeuze, mwaokote, mwaue. Akasema upande wa chini unaweza kupona, lakini tuanze sasa.

Njia nzima nilirudia maneno hayo kama katekisimu. Nilimkuta Baba akikata miti mingine ya kuegemeza. Nikampita.

Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 20 Septemba

Nimesema.

Baba alikuwa akinoa panga nyuma ya jiko. Nilipiga magoti kama ninapompa maji ya kunawa, nikasema yote, pamoja na lile la darasa la nne.

"Ulijua?"

"Ndiyo, Baba."

"Miaka miwili unajua, unakaa nalo."

"Ndiyo, Baba."

Nilingoja kofi. Aliendelea kunoa. Alipima makali kwa kidole gumba, akanoa tena, ingawa panga lilikuwa kali tayari.

"Hata mimi nilijua, Goreti," alisema. "Mama yangu alikuwa anamenya kila mche. Nilimwonea haya yule mzee."

Kisha akaniambia nikaitazame kahawa, kuna wingu. Nikaenda.

Ijumaa, 21 Septemba

Sikwenda shule. Tumeng'oa upande wote wa juu, Baba, Mama na mimi. Utomvu umekaukia mikononi mwangu, mikono imekuwa myeusi, hautoki hata kwa majivu.

Saa nne Mzee Byabato alipita njiani, akasimama. Nilimwamkia, shikamoo. Hakuitikia.

"Unang'oa zawadi yangu mchana, watu wanaona?"

"Ina fukusi, Mzee."

"Nani kasema?"

Niliacha kukata. Baba angeweza kunitaja. Angeweza kusema ni ya shuleni hayo, watoto wa siku hizi, na mzee angecheka na kwenda zake.

"Mimi nasema," Baba alijibu.

Mzee alichokoa shina moja kwa fimbo, akaona matundu. Najua aliyaona. "Miaka tisa umekula ndizi zangu, fukusi hukuwaona," alisema. "Umepata kibanja, umepata na macho." Akaondoka bila kuaga.

Baba aliketi juu ya rundo la mashina. Mama alimletea maji, hakunywa. Halafu akainuka, tukaendelea mpaka jioni.

Jumatatu, 24 Septemba

Fukusi thelathini na wawili kwenye kopo, kutoka chini ya vigogo, kabla jua halijatoka. Kuku wamewala. Domina amewapa fukusi jina, anawaita akina Byabato. Mama alimkemea, kisha akageukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

Jana kanisani Mzee Byabato alihamia benchi la mbele. Baba aliimba kwa sauti ndogo.

Nilisinzia kwenye jiografia.

Alhamisi, 27 Septemba

Fukusi kumi na tisa. Upande wa chini hakuna mgomba ulioanguka wiki hii. Sitaki kufurahi mapema.

Upande wa juu ni uwazi mtupu. Ukisimama mlangoni sasa unaona hadi rweya, kule kwenye nyasi wanakochunga ng'ombe. Sikuwahi kuiona kutoka nyumbani. Naichukia.

Jumamosi, 29 Septemba

Tumepanda maharage na mihogo palipokuwa na migomba. Mama amehesabu mikungu ya upande wa chini. Haitufikishi Pasaka.

Jioni Baba alisema atakwenda Kihanga.

"Tufunge mizigo lini?" Mama aliuliza.

"Ninakwenda mimi. Ninyi mtakaa na kibanja."

"Tajiri alitaka wote."

"Atanipata mimi. Asipotaka, nitatafuta mwingine."

Mama alisema Baba si kijana tena, mgongo wake si ule wa miaka ile aliyomlimia Byabato. Baba alisema mgongo ni wake. Kisha akanitazama, akaniuliza mtihani wa darasa la saba ni mwezi gani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei.

Nilitoka nje kuanua kahawa. Nililia kidogo. Sijui kama ni furaha. Nadhani ni aibu zaidi.

Jumatatu, 1 Oktoba

Baba ameondoka alfajiri. Jembe, blanketi, ndizi za kuchoma ndani ya jani. Alimwambia Mama awe mkali kuhusu fukusi. Kwangu alisema tu, "Haya."

Fukusi saba. Maji mara mbili. Mama amebaki akipalilia peke yake, Domina mgongoni.

Nilichelewa shule. Darasa lilikuwa limeshaanza kusoma kwa sauti. Mwalimu Paskazia aliitazama mikono yangu, akasogea kidogo mlangoni nipite. Niliketi mahali pangu, nikatafuta ukurasa.