Blogu Imenifukuzisha Kazi, na Mujane Ananiuliza Juu ya Filimbi

Mama Soraya, mushauri wa redio yetu ya Kasongo, nakusalimia sana na naomba unisaidie mawazo, maana mimi si mutu wa kuomba-omba, mimi ndiye niliyevuta mamba kwa mukia pale Nyangwe mpaka akalia kama mutoto, waulize watu, na masomo nilifika mwaka wa tatu wa sekondari, diploma ingekuja kama mchwa hawangekula shule, lakini leo nimekwama.

Hapa kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Salamabila, nilikuwa mulinzi wa mudomo wa shimo, kazi ya mutu mwenye macho, unakaa juu na filimbi shingoni, ukiona udongo unapasuka ao mvua inakuja unapiga, na walio chini wanatupa nyundo wanatoka mbio, na sheria yetu iko moja: mwenye kusikia filimbi akabaki, kifo amejitakia, wenzake hawakai kwenye matanga yake. Na kwenye telefone niko na blogu, Mujomba Simba Anasema, watu wanaisoma mpaka Bukavu, mpaka Ulaya kwenye baridi.

Mwezi uliopita shimo lilianguka. Bienvenu, kijana wa Wamaza, alikuwa chini peke yake, wenzake walikuwa mutoni wanaosha mchanga, na kule filimbi haifiki. Ruphin, mukubwa wa shimo, alimtoa siku ya tatu, maiti. Mimi niliandika habari yote kwenye blogu, kwamba nilipiga filimbi mara tatu mpaka mashavu yakauma, Bienvenu akakataa kutoka sababu ya tamaa ya dhahabu, nikashuka kwa kamba mimi mwenyewe mpaka mawe yakanikataza. Watu mia nne waliniandikia, "Simba! Simba!" Lakini komite ya machimbo ikaniita, Ruphin akauliza, "Nani alikutuma kupeleka mambo ya shimo kwenye blogu?" Nikasema, "Kalamu haiombi ruhusa." Akasema, "Basi kalamu yako ikulishe." Wakanivua filimbi, kazi ikaisha.

Sasa Mama, wenzake Bienvenu walisoma ile blogu wakafuata sheria. Hakuna aliyekaa kwenye matanga. Hidaya, muke wa marehemu, alilia na mama mukwe wake na watoto tu. Akaja kwangu, akasema, "Mujomba, wewe ndiye wa mwisho. Ulipopiga filimbi, alikujibu nini?" Mudomo wangu umezoea, ukajibu wenyewe: "Alicheka, akasema bado kidogo." Hidaya akanitazama. "Asubuhi aliniahidi atarudi mapema. Alicheka nini?" Na kila siku ya soko anarudi na swali lile lile.

Jina langu ufiche, nitasema. Filimbi sikupiga. Nilikuwa naandika ile hadisi ya mamba, nikasikia vijiwe vinadondoka, nikajiambia acha nimalize mustari mumoja, na nilipoinua kichwa shimo halikuwapo. Hadisi ya mamba iko na saa yake kwenye blogu, saa nne na dakika kumi, saa ile ile shimo lilianguka, mutu akitafuta ataona. Nifute blogu yote? Nikifuta, komite itanirudisha kazini, na Hidaya ataacha kuuliza?

Mulinzi, Kabambare

*

Ndugu yangu mulinzi,

Majina yote nimebadilisha, hata la blogu. Pole. Mutu aliyekuta udongo umemfunika mwenzake halali vizuri, hata akiwa muongo, na wewe ni muongo.

Komite walikosea kidogo: shimo linaloua watu liandikwe, hilo si kosa. Lakini usiende kulalamika. Wamekufukuza kwa kosa dogo kwa sababu lile kubwa hawalijui. Na filimbi usiiombe tena. Ukipewa mbuzi wa jirani uchunge, chunga. Roho za watu, hapana.

Blogu usifute hata mustari mumoja. Ile saa nne na dakika kumi ndiyo shahidi pekee wa Bienvenu, na wewe unataka kumzika mara ya pili?

Mutafute Ruphin, umwambie kwanza yeye, halafu muende wote kwa Hidaya, asubuhi, na muzee wa familia awepo. Mamba umwache Nyangwe. Sema: sikupiga, na hakucheka. Halafu nyamaza, najua kwako hiyo ndiyo kazi ngumu. Akikulaani, pokea. Akikushitaki, nenda kwa miguu yako. Ruphin awaite wenzake Bienvenu wakae matanga, hata kama siku zimepita. Jioni uandike hayo hayo kwenye blogu, kwa jina lile lile, bila simba ndani yake.

Jibu hili nilikutumia kwanza kwa mutu wa pikipiki, nikakupa siku kumi kabla ya kulisoma hapa redioni. Yanayofuata nimeyaongeza leo, siku ya kumi na moja.

Mama, wewe unayeenda kila siku ya soko kuuliza swali moja: kama hakuna mutu aliyefika kwako, sikia kwangu. Filimbi haikulia. Mume wako hakucheka. Hakuna aliyemuita.