Usiniletee Utepe, Niletee Neno

Bryn Eithin,
Juni 20, 1976

Baba yangu mpenzi,

Umeamkaje huko hospitali, na kikohozi kimekupa nafasi ya kulala walau kidogo? Huku hatujambo, ila Mabli anaota meno na jua halitaki kutuachia. Mkweo Gethin anakusalimu sana. Anaondoka na lori la maziwa kabla hakujakucha, akirudi anasinzia kijiko kikiwa mkononi.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nimesimama mlangoni, halafu nikakaa nikaisoma tena. Unasema farasi wetu Pluen aende kwenye mnada wa Oktoba pamoja na mtoto wake, kwa sababu nyasi za kukausha hazitatosha majira ya baridi, na mimi sina mkono wa tatu. Baba, ya nyasi ni kweli. Kilima kimekuwa rangi ya mkate uliookwa. Kisima tukikichota asubuhi, mpaka jioni ndiyo kinatupa tena, na ukikilazimisha kinakupa tope. Ya mkono wa tatu nayo ni kweli. Jana nilitia chumvi kwenye chai ya Gethin, akainywa yote bila kusema kitu, masikini.

Lakini Pluen ndiye wa mwisho. Wale wengine uliwauza ukiwa umesimama, ukawaaga mwenyewe kwa mkono. Huyu aondoke wewe uko kitandani? Nilijifunza kukaa juu ya farasi mgongoni mwa mama yake, na ningependa Mabli ajifunzie mgongoni mwake. Naomba kiangazi hiki kimoja tu, nimpeleke kwenye maonyesho. Akipata utepe, hata wa nafasi ya tatu, tujue si mzigo, tumweke. Bi Morfudd wa jirani amekubali kunishikia Mabli.

Usikasirike. Kula chakula wanachokupa, hata kama hakina chumvi.

Ni mimi binti yako,
Heulwen


Hospitali, wodi ya juu,
Juni 25, 1976

Mwanangu Heulwen,

Salamu zimefika, nimezipokea. Mbusu Mabli kwenye ufizi unaomuuma. Kifua changu ni kilekile. Vumbi nililovuta machimboni nikiwa kijana limeamua kukaa, na madaktari hawana ufagio. Kitanda cha pili yuko Prosser, mchimbaji kama mimi, na tunakohoa kwa zamu ili wenzetu wasichanganyikiwe.

Utepe siutaki. Nimekuwa jaji wa farasi tangu hujazaliwa, najua nyuzi zake zinakotoka. Mvua ikinyesha, farasi wazuri wanabaki nyumbani na yule wa nne anakuwa wa kwanza. Jaji akisikia njaa, mstari unapangwa upesi. Mimi mwenyewe kuna siku nilimpa ushindi farasi ambaye sifa yake ilikuwa moja, hakunikanyaga.

Kwa hiyo usiniletee utepe, niletee neno. Jaji mmoja, yeyote yule, aseme juu ya Pluen jambo la kweli ambalo lisingeweza kusemwa juu ya farasi mwingine. Nikilisikia, hauzwi. Agosti ikiisha sijalisikia, nampeleka mnadani, nawe utapata kulala. Mimi siwezi kulisema. Sheria yetu unaijua, jaji hamhukumu farasi aliyezaliwa zizini kwake. Pluen alipokuwa akiingizwa uwanjani, mimi nilitoka nikaenda kunywa chai. Maisha yake yote sijamtolea hukumu hata ya kunong'ona.

Usimkimbize sana kwenye ardhi ngumu. Na wewe usikimbie na njaa.

Baba yako


Bryn Eithin,
Julai 11, 1976

Baba mpenzi,

Vipi hali, na Prosser naye anaendeleaje? Sisi tunaendelea. Jino moja la Mabli limetoka na lingine linabisha hodi.

Jana tulikwenda onyesho la kwanza. Jaji alikuwa mama mmoja mwenye kofia pana kama sinia. Baba, yule mama ana ulimi. Alifika kwa Ifor wa shamba la Tŷ Draw, akamtazama farasi wake, unajua alivyo mrefu mgongoni, akasema, "Huyu anahitaji jozi nyingine ya miguu hapa katikati." Ifor akajibu, "Nitaulizia dukani, Bibi." Kwa binti mwingine akasema, "Mwanangu, umeleta farasi mmoja au wawili wamebanana?" Watu waliosimama kwenye kamba ya uwanja wakainamisha nyuso.

Akaja kwetu. Nilikuwa nimemshika Pluen huku blauzi imelowa, maana saa ya kunyonyesha ilikuwa imepita na Mabli nilikuwa namsikia kutoka kule. Yule mama akamzunguka polepole. Akasema, "Kichwa kizuri kabisa. Inasikitisha kwamba mwili umekisindikiza."

Nikasema asante.

Tulipangwa karibu na mwisho. Njiani Bi Morfudd akaniambia, "Lakini amesema kizuri." Nikashikilia hapohapo. Kichwa kizuri kabisa, Baba. Je, si neno hilo?

Binti yako,
Heulwen


Hospitali,
Julai 16, 1976

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia jino limetoka. Mimi sijambo ya kulala, si ya kusimama.

Si neno hilo. Kichwa kizuri walimwambia mama yake Pluen, na bibi yake pia. Jaji akikusifia kichwa, ujue hajapata la kusema kuanzia shingoni kushuka chini. Akikwambia farasi wako ana tabia njema, maana yake hakumpiga teke. Akisema, "Atakuwa mzuri akikua," muulize umri, utakuta ana miaka kumi na mbili.

Gethin alikuja Jumapili, akakaa hapa na kofia yake magotini. Anasema umekonda. Anasema unalala umekaa. Hata barua yako mistari inateremka upande mmoja kama mtu anayesinzia. Heulwen, farasi ni farasi. Nimeuza wengi na jua likachomoza kesho yake. Ukiona inatosha, niambie inatosha, sitauliza mara ya pili.

Baba yako


Bryn Eithin,
Agosti 8, 1976

Baba,

Natumaini umekaa vizuri na kuna mto mgongoni, maana nina habari na naogopa kifua chako. Sisi wazima wa mwili. Heshima ndiyo imeumwa.

Unajua tunavyoosha farasi mweupe usiku wa kuamkia onyesho. Sabuni, halafu maji ya mwisho yenye buluu kidogo ya kufulia, ili umanjano utoke, halafu unasuuza mpaka mkono uchoke. Lakini maji hakuna. Nilitumia maji aliyoogea Mabli. Sabuni ilikuwa haba kwa hiyo nikaongeza buluu, na mwanga ulikuwa mdogo kwa hiyo nikaongeza tena. Nilipofika kwenye kusuuza, kisima kikanipa tope. Nikasema, basi, kitakachobaki kitapukutika asubuhi kwa brashi.

Zizini alikuwa mweupe. Nakuapia. Tulipomtoa juani kule uwanjani, alikuwa rangi ya anga. Mtoto wake alikuwa ameshanyonya, pua yote ya buluu. Ifor akapita akasema, "Heulwen, huyo ukimkamua utapata wino." Bi Morfudd alikwenda nyuma ya hema, na nilijua anacheka kwa jinsi mabega yalivyokuwa yanapanda.

Ningerudi nyumbani, lakini nilikumbuka Agosti inakwisha. Nikaingia.

Jaji alikuwa mwanamume mwenye masharubu, mtu wa bonde la chini. Alisimama mbele ya Pluen, akatazama juu, akatazama farasi, akatazama juu tena. Akasema, "Bibi mdogo, tangu Juni naomba mbingu zishuke. Sikumaanisha hivi." Watu wakaangua kicheko. Halafu akasema, "Ningempa utepe wa buluu wa nafasi ya pili, lakini tungemfunga wapi ukaonekana?"

Nikamwambia, "Bwana, maji yametuishia." Akavua kofia akajifuta paji la uso, akasema polepole, "Hata sisi." Akampiga Pluen kofi dogo la shingo, na mkono wake ukatoka na buluu.

Sasa nakuuliza kwa haki, Baba. Hayo yasingeweza kusemwa juu ya farasi mwingine yeyote katika nchi hii nzima. Je, yanahesabika?

Nimechoka kidogo. Si kwa sababu ya farasi. Ni jua, na kuamka, na ndoo. Lakini Mabli akimwona Pluen anapiga kelele za furaha mpaka anapaliwa, basi naamka tena.

Binti yako,
Heulwen


Hospitali,
Agosti 16, 1976

Mwanangu Heulwen,

Anayeandika ni Prosser wa kitanda cha pili. Mkono wa baba yako umegoma wiki hii, yeye anatamka mimi naandika. Anakusalimu na mimi nakusalimu.

Anasema alicheka mpaka muuguzi akakimbia na chupa ya hewa. Muuguzi amepiga marufuku barua zako, kwa hiyo ninamsomea mimi kwa sauti ya chini kama mtu anayesali. Ameisikiliza hiyo ya buluu kila siku.

Anasema halihesabiki. Neno lilikuwa la buluu, si la Pluen.

Anasema limebaki onyesho moja, na kama umechoka usiende. Anasema yeye naye amechoka, na anakuelewa.

Hili la chini ni langu, hajalitamka. Anapenda unavyoandika. Endelea.

Baba yako (kwa mkono wa Prosser)


Bryn Eithin,
Agosti 28, 1976, jioni

Baba mpenzi,

Mkono umepona? Hakuna barua iliyokuja tangu ile ya Prosser, nami kila siku namwangalia tarishi anavyopita bila kugeuka. Gethin aliniambia amekukuta umelala, akaona asikuamshe. Sisi hatujambo. Mabli ndiyo hivyo, meno ya juu.

Leo tulikwenda. Pluen amerudi kuwa mweupe, ila masikioni ndani.

Jaji alikuwa mzee Tudur kutoka kaskazini, yule uliyeniambia hana maneno. Alikuwa na kiko kisichowaka mdomoni. Hakumwambia mtu kitu. Wote tuliokuwa mstarini tulikuwa tunaumwa na kimya chake.

Zamu yetu ya kukimbia ikafika. Nikamshika kamba, tukaanza vizuri, Baba, alikuwa anainua miguu. Halafu Mabli akalia. Alikuwa kwenye kigari chake kule kwenye kamba, Bi Morfudd anamtikisa, na kilikuwa kile kilio cha jino. Pluen akasimama palepale. Nilimvuta hakuvutika. Akageuka, akanikokota uwanja mzima mbele ya watu, mtoto wake anatufuata nyuma, akafika kwenye kamba akaingiza pua ndani ya kigari. Mabli akamkamata nywele za paji la uso kwa mikono miwili. Akanyamaza. Na Pluen akasimama hivyo, kichwa kimeinama, macho yamefumbwa nusu. Nilisema neno la upole, nilisema neno la ukali. Wapi. Ifor akaniita, "Heulwen, mpe kiti basi." Uso uliniwaka.

Mzee Tudur akaja kwa mguu mpaka pale. Akatoa kiko. "Ndiyo kawaida yake?"

Nikasema, "Kila siku, Bwana. Nikienda kisimani huyu ndiye anayebaki na mtoto."

Akatuzunguka, akarudi katikati, akapanga mstari. Sisi wa mwisho kabisa. Nikasema moyoni, haya, imekwisha, nitamwandikia Baba kwamba inatosha.

Watu walipokuwa wanatoka akanifuata. Akasema, "Nimekuweka mwisho kwa sababu nimeitwa kuhukumu mwendo, na mwendo sikuuona. Sasa nisikilize, binti. Usimlete tena hapa. Huku tunawapa utepe farasi wasio na kazi. Huyu anayo." Akarudisha kiko mdomoni akaondoka.

Baba, sijui. Amenifukuza au amenipa neno? Nimelibeba njia nzima kama yai. Wewe ndiye unayewajua majaji. Niambie unavyosikia, na ukisema halihesabiki, nitampeleka mnadani mwenyewe na sitakulaumu hata kidogo.

Kuna mawingu upande wa bahari. Sitaki kuyasema sana.

Binti yako,
Heulwen


Hospitali,
Agosti 28, 1976, asubuhi

Mwanangu Heulwen,

Nakuandikia kwa mkono wangu, samahani kwa mwandiko. Prosser amelala. Nakutakia afya, wewe na Mabli na Gethin. Saa hii najua uko njiani kwenda uwanjani na hujanywa chai.

Barua hii itakukuta umeshasikia atakachosema Tudur, nami sijakisikia. Sitaki kukisubiri.

Jana madaktari walikuja watatu, wakanizunguka kama majaji. Wakanisimamisha, wakanigeuza. Mkubwa wao akasema, "Mzee Idwal, una moyo mzuri sana." Nikajua papo hapo kifua hataki kukitaja. Kwa hiyo sitarudi uwanjani, binti yangu, wala nyumbani sidhani. Usilie juu ya karatasi, mwandiko wenyewe ni mbaya tayari.

Lakini nililala nikawaza, kama mimi si jaji tena, sheria ya zizi hainibani. Basi leo namhukumu Pluen kwa mara ya kwanza.

Mwendo wake ni mfupi. Mgongo umelegea kidogo. Kwato za nyuma zimepeana mgongo kama majirani waliogombana. Ningekuwa uwanjani ningemweka wa tano, nikiwa na njaa wa sita. Mwaka aliofariki mama yako, kulikuwa na asubuhi nyingi ambazo sikuona sababu ya kufungua mlango wowote. Yeye aliupiga mlango wa zizi kwa kwato mpaka nikatoka kuufungua. Kila asubuhi, mpaka nikazoea tena kutoka. Hilo ndilo neno. Nilikuwa nalo siku zote nikamwachia mtu mwingine alitafute.

Asiuzwe. Mtoto wake aende mnadani, na Ifor nimemwandikia, atakupa nyasi za bondeni za kutosha mmoja.

Yuko mwingine aliyezaliwa nyumbani kwangu ambaye sikuwahi kumhukumu, kwa sheria ileile. Nilipoona anaingia, nami nikatoka kwenda kunywa chai. Huyo analala amekaa, anatia chumvi kwenye chai, na amempaka farasi wangu rangi ya anga mbele ya kaunti nzima, akaingia naye uwanjani hivyohivyo. Nimemtazama kiangazi chote kutoka kitandani hapa. Huyo nimemweka wa kwanza.

Njoo Jumapili na Mabli. Ukinikuta nimelala, kaeni tu.

Baba yako