Komoni ya Mama Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 4 Agosti 2003
Kazini kama kawaida. Kuchapa barua za watu, umeme kukatika mara mbili. Mama yuko kwangu hapa Mbinga mjini wiki ya tatu sasa, tangu nimtoe kijijini kwetu Ukata. Moyo wake umechoka. Daktari kamkataza kukaa motoni. Tarehe 23 mdogo wangu Bonifasi anaoa, na Mama alimwahidi komoni, pombe yetu ya mahindi na ulezi, ya mkono wake. Sasa nitapika mimi. Sijawahi.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata programu ya kupangia pombe, kwenye sidii aliyoiacha mgeni mmoja ofisini. Unachagua nafaka, inakupa vipimo na siku. Mahindi yamo. Ulezi haumo. Nimeweka shayiri mahali pake. Mwenzangu ofisini anasema nitumie programu ya kawaida ya majedwali, nimuulize Mama, niandike ya kwake. Nilimwona mshamba.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimepika ya kujaribia. Uji wa mahindi, ukapoa, nikatia kimea cha ulezi. Programu inasema siku saba.

Jumanne, 12 Agosti
Mama aliinuka kitandani, akatega sikio kwenye pipa.
"Imeiva hii. Waite watu wanywe."
Nikamwambia kompyuta imesema Jumamosi. Alirudi kulala.

Jumamosi, 16 Agosti
Siki tupu. Nimemwaga pipa zima nyuma ya choo. Mama alinipa kitambaa cha kusugulia pipa. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimefuta ile programu. Nimeomba ruhusa ofisini, nimeshinda na Mama na daftari. Kimea kiasi gani? Mpaka uji ulegee. Joto je? Lisiunguze kidole. Nikamwomba amimine kimea kwenye kopo kwa mkono wake, nipime. Akacheka, mara ya kwanza tangu aje.
"Unaniandika kama mgonjwa wa hospitali!"
Jioni nikapita ofisini, nikaingiza yote kwenye jedwali. Safu kumi na moja. Moja ni ya baridi: Agosti hii pombe inachelewa, Desemba inawahi. Hilo nisingelijua.

Jumanne, 19 Agosti
Tumepika ya harusi. Yeye kwenye kiti, mbali na moto, akiamuru. Nilitaka kutia kimea mapema, akapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nimechoka. Nina furaha.

Alhamisi, 21 Agosti
Mama amefariki leo saa nane mchana. Aliomba maji. Niliporudi na kikombe alikuwa ameshaondoka.
Siwezi kuandika.

Jumamosi, 23 Agosti
Tumemzika Ukata. Harusi imeahirishwa. Komoni iliiva jana. Nilitaka kuimwaga, Baba Mdogo akakataa.
"Hiyo aliisimamia mwenyewe. Watu wainywe."
Ikabebwa mpaka Ukata. Bibi mmoja, aliyekuwa akipika na Mama zamani, alionja akauliza nani kapika. Bonifasi akajibu kwa niaba yangu: "Mama."
Bibi akaitikia kwa kichwa, akaomba aongezewe.

Jumapili, 31 Agosti
Sekunda, mchumba wa Bonifasi, amekuja baada ya misa. Nilimpa karatasi niliyoichapisha, safu zote kumi na moja. Aliisoma taratibu, akaikunja.
"Wifi, Jumamosi naweza kuja tupike wote?"
Nimemwambia aje mapema.