Mzinga wa Baba Umenyamaza

Nyumba ya kona, nyuma ya gereji,
Jumapili, 14 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. U mzima huko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kusema "si kitu" kama baba? Sisi tunapumua. Mtoto ameota meno mawili, anauma kila kitu, hata kidevu changu. Mama miguu inamvimba, na macho ndiyo hayo, sasa anatambua mwanga na kivuli tu.

Uliniandikia kwamba kazini mnapakia nyuki kwenye malori na kuwapeleka mashamba ya lozi, maana bila wao miti huchanua bure. Niliposoma nililia. Acha nikuambie kwa nini.

Nyuki wa baba wamekufa, Kaka. Mizinga yote mitatu uliyoniachia. Nimewaua mimi.

Wadudu walivamia maboga. Sheria ya baba unaikumbuka: dawa hupigwa jioni, ua likishafumba. Lakini jioni mtoto hashikiki, na asubuhi ndiyo saa pekee anayolala. Nikajidanganya, mara moja tu. Nikajitwika bomba mgongoni nikapuliza, maua yako wazi, nyuki wamo ndani. Kufika mchana walikuwa wametapakaa mbele ya mizinga kama makapi.

Siku hizi nazunguka shambani na brashi, natoa ule unga wa njano kwenye ua dume, napaka ua jike. Jirani yetu mshonaji hunichungulia dirishani: "Mama mtoto, umekuwa mshenga wa maboga!" Nacheka naye. Maua arobaini, maboga sita. Kazi ile nyuki waliifanya tukiwa bado hatujanawa uso.

Lakini kilichonitafuna ni mama. Wajua tangu tumzike baba huenda kila asubuhi kutega sikio kwenye mzinga wake. Akaniuliza, "Mbona kimya?" Nikasema wamehama. Basi akaanza kuwawekea sahani ya maji yenye vijiwe, ati wakirudi na kiu wasizame.

Wiki tatu nimeiona sahani ile. Leo nimeshindwa, nimepiga magoti nikamwambia. Akanishika mkono.

"Mwanangu, sioni, lakini natembea pekupeku. Niliwakanyaga siku ile ile. Nilikuwa nakungoja wewe."

Kaka, usinitumie mizinga, wala usiniandikie kwamba si kosa langu. Ni langu. Ila ukipewa likizo, njoo. Usiseme mwakani. Mama anakusubiri vilevile alivyonisubiri mimi, bila kusema.

Wifi msalimie sana, na wale mapacha uwabusu. Baba mtoto anakusalimu, bado yuko gereji anachomelea mageti. Mungu akufunike popote ulalapo.

Sahani bado anaijaza. Maji namchotea mimi.

Ni mimi nikupendaye,
Mdogo wako, kitinda mimba