Balbu Aliyoishika Mama Mkwe

Mjukuu wangu Moraa, isome barua hii peke yako, na neno lake lisimfikie mtu. Nyanya yako hajambo, na chai imechipua vizuri.

Unauliza kama ununue sensa mpya ya kupimia moshi wa gari lako, kwa kuwa kompyuta ya gari inasema hita yake ya kuipasha joto ina hitilafu. Ngoja kwanza.

Nilikuwa karani kijana huko Itumbe. Asubuhi moja ya baridi kali, nyanya yako akiwa na uchungu wa kumzaa baba yako, gari la dizeli la ofisi lilikataa kuwaka. Plagi za kupasha injini, zilizofuatana kwenye waya mmoja, hazikupata moto. Nikachomoa balbu ndogo ya taa ya gari pamoja na waya zake ili nipime umeme, lakini kazi ilitaka watu wawili. Wa kunisaidia alikuwa mama mkwe tu, na kwa mila yetu mtu na mama mkwe wake hawapeani hata mkono, wala hawatazamani usoni.

“Karani, heshima itatungoja,” akasema. “Lete hiyo balbu.”

Akaishika, nami nikagusisha waya wake kwenye plagi, moja baada ya nyingine. Ikawaka, ikawaka, kisha ikazimika. Hapo ndipo umeme ulipokatikia! Plagi hiyo nikaipita kwa kipande cha waya, umeme ukazifikia zilizobaki, injini ikanguruma. Mpaka leo nastaajabu: mwanga ule ndio ulionionyesha uso wake mara ya kwanza.

Basi pima waya wa hita kwanza kwa balbu; huenda sensa yenyewe ni nzima. Ukikwama, lilete gari mpaka soko la Magwagwa, uulizie kwa karani mzee. Balbu nitakushikia mimi.