Salamu kwa Walimu wa Nampula

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Vipindi vinne asubuhi. Kidato cha Tatu wameniandikia insha za ovyo tena. Chaki imeisha, nimemalizia kwa vipande. Mchana posta, kumtumia mama barua kijijini Kibaoni. Nikakuta na yangu.

Wamenichukua!

Shule ya Lugha ya Monte Claro, Nampula, nchi ya Msumbiji. Niliona tangazo lao kwenye gazeti nililofungiwa sukari mwezi wa pili, nikaandika, nikasahau. Sikusahau. Namdanganya nani, daftari ni langu mwenyewe.

Kufundisha Kiingereza watu wazima, miaka mitatu, kuanzia Januari. Nitume barua ya kukubali, mwisho tarehe 30 Septemba, pamoja na vyeti vyangu halisi. Wamepigia mstari: halisi, si nakala. Na huku niandike barua ya kuacha kazi. Kazi ya serikali ukiiacha umeiacha, hakuna kurudi kugonga mlango.

Vyeti viko kwa mama, kwenye sanduku la bati, kwa sababu nyumba hii ya Kawajense inavuja. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeazima atlasi ya ofisini. Nampula iko ndani ndani, mbali na bahari. Afadhali. Mimi mtu wa bara, bahari nitaifanyia nini. Kutoka Mpanda ni vidole vinne. Mwalimu Katabi wa jiografia akauliza natafuta nini, nikasema mito. Akaanza kunieleza mito. Nusu saa!

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeomba simu ya Nampula posta. Nimekaa kwenye benchi kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Wakapata Dar. Wakapata Maputo. Nampula ikaita, ikaita, haikupokelewa, laini ikakatika. Mhudumu akasema labda wamekwenda kula. Labda. Au labda hakuna shule, kuna simu tu juu ya meza.

Naogopa. Nimeandika hapa ili niache kujifanya mjanja.

Jumamosi, 9 Agosti
Kwenye bahasha walitia karatasi yenye picha ya darasa lao. Leo nimechukua lenzi ya maabara nikaikagua mchana kutwa. Watu kumi na wawili kwenye madawati, wote wamevaa vizuri. Mama mmoja ameshika kalamu kwa ngumi. Mwalimu yuko pembeni, uso umekatwa na ukingo wa picha. Nje ya dirisha kuna mti nisioujua, na nyuma ya mti jiwe kubwa mno, linafika angani.

Nilisahau kupika. Nilikuwa nimeshaingia mle, nimeshasema good morning, na yule mama nimeshamrekebisha kalamu.

Jumanne, 12 Agosti
Nimepata njia. Jamani, ilikuwa mbele ya macho yangu!

Mwenye nyumba wangu, Mama Butoyi, alipotezana na dada yake walipokimbia Burundi. Miaka ishirini hawajui kama mwenzie yu hai. Akanunua kadi ya salamu, akaijaza, akapeleka redioni. Ikasomwa Jumapili, na baada ya mwezi dada akajibu kutoka Kigoma. Huku kwetu mtu aliyepotea anatafutwa hivyo, na ng'ombe pia.

Na redio yetu inasikika Msumbiji, Katabi mwenyewe ameniambia. Basi nimejaza kadi: Mwalimu Salome wa Kawajense, Mpanda, anawasalimu walimu wote wa Shule ya Lugha ya Monte Claro, Nampula. Ujumbe: natarajia kujiunga nanyi mwakani, Mtanzania aliyeko huko anijulishe hali. Nikaweka na sanduku langu la posta. Imeondoka na treni ya leo.

Nimejipongeza kwa soda.

Jumapili, 24 Agosti
Kila Jumapili nasikiliza. Bado.

Miombo imeanza kutoa majani mapya, yale mekundu, kabla ya tone la mvua. Kuna moshi wa mashamba yanayochomwa, milima haionekani. Mji wote umefifia. Baada ya ibada nililala mchana nikaota nafundisha chini ya lile jiwe. Wanafunzi wananijibu kwa Kipimbwe safi, lugha ya kwetu, na mimi sishangai. Nimeamka jasho tupu na furaha tupu. Sijui nimewahi kuwa na furaha hivyo nikiwa macho.

Jumapili, 31 Agosti
Imesomwa.

Mungu wangu. Imesomwa na mimi nimekaa kwenye mkeka wa Mama Butoyi, nusu ya kichwa imesukwa. Mtangazaji akasoma taratibu, kwa sauti nzuri, kila neno. Mwalimu Salome wa Kawajense, Mpanda. Natarajia kujiunga nanyi. Mikono ya Mama Butoyi ikasimama kichwani mwangu. Halafu akasema polepole, "Kumbe mwalimu unatuhama."

Na redio ilikuwa ya jirani. Na ya jirani wa jirani. Barabara nzima ilikuwa kipindi kile kile!

Nilifikiri nini? Kwamba redio itasikika Nampula na kuiruka Mpanda? Mimi msomi! Nimefundisha miaka saba! Mjinga wa kutupwa.

Jumatatu, 1 Septemba
Sijafika getini, wanafunzi wananiimbia. Ofisini pongezi, halafu kila mtu akarudi kwenye madaftari yake. Mkuu wa shule akaniita. Hakufoka. Ningependa afoke. Alisema amesikitika kupata habari za mwalimu wake kutoka redioni kama matokeo ya mpira. Akasema ameshapanga upya ratiba, Kidato cha Tatu amempa Katabi ili wasije wakayumba. Katabi wa mito, afundishe Kiingereza!

Nikamwambia sijaamua. Akatabasamu kama anavyomtabasamia mzazi mlevi.

Jumatano, 3 Septemba
Mama Butoyi ameuliza kitanda nitakiuza au nitamwachia. Kwa upole kabisa. Mpangaji mwingine ameshakuja kuangalia chumba, mimi nikiwa ndani nakula.

Ijumaa, 12 Septemba
Mama kimya. Kibaoni kuna redio, na mama hakosi kipindi cha salamu. Amesikia. Gari la Kibaoni limekuja mara mbili bila barua wala neno. Baba alipokufa alinyamaza hivi hivi, wiki mbili, huku analima.

Nilikusudia kumwambia mwenyewe, nimshike mkono. Nimeona aibu.

Jumatatu, 22 Septemba
Barua! Stempu ya kwetu, muhuri wa Songea. Dereva wa lori ameivusha mpakani kwa mkono.

Kutoka kwa Mwalimu Gervas, Mtanzania, kwao Songea. Yuko Monte Claro mwaka wa tatu sasa. Anasema alikuwa anafua alipolisikia jina la shule yake redioni, akaacha nguo kwenye beseni. Kurasa nne.

Shule ipo. Ipo! Nilibusu karatasi mbele ya watu wa posta.

Kurasa tatu ni mji. Nchi ni tambarare, halafu mawe yanachomoza tu, peke yake, makubwa kuliko makanisa. Jioni yanageuka zambarau. Barabara zina mikrismasi, ile miti ya maua mekundu, pande zote na ikichanua mnatembea juu ya maua. Wanafunzi wanakuja dakika kumi kabla. Kuna nesi, kuna karani wa benki, kuna fundi cherehani mzee anayejifunza ili asome barua za mjukuu aliyezaliwa ugenini. Anasema hajawahi kupendwa na darasa hivyo. Nimesoma nikitembea, nikapita nyumba yangu, nikajikuta kwenye reli.

Ukurasa wa nne nimeusoma nimesimama pale pale.

Anasema kuna jambo moja. Vyeti vyake walivipokea siku aliyofika, wakavifungia. Mwaka jana baba yake alifariki. Akaomba aende akazike. Mkurugenzi akamwambia kwa heshima sana kwamba aende tu, ila akiondoka kabla ya mkataba kuisha vyeti vinabaki. Hakwenda. Baba amezikwa na majirani. "Usinielewe vibaya dada yangu, nakula vizuri. Karibu sana. Ila ukija, njoo na nakala."

Nimeukunja ukurasa wa nne peke yake. Zile tatu nimezisoma tena.

Alhamisi, 25 Septemba
Nimetoka shule nimemkuta mama mlangoni, amekaa juu ya kifurushi cha mchele, vumbi mpaka kwenye kope. Amepanda lori la mahindi kutoka Kibaoni alfajiri. Nikapiga magoti kumwamkia, akaniinua.

Akaoga, akala. Ndipo akafungua kitenge. Vyeti vyangu. Vyote, cha kidato cha nne, cha sita, cha ualimu, hakuna hata kona iliyokunjika.

"Nilikasirika," akasema. "Wiki tatu nimekasirika. Sasa nimemaliza. Nenda mwanangu, nisije nikawa mimi ndiye niliyekuzuia."

Nililia kama mtoto. Yeye hakulia, alikuwa ananifuta vumbi wakati mwenye vumbi ni yeye. Ukurasa wa nne uko mfukoni mwangu. Sikuutoa. Ningemwonyeshaje, na amesafiri siku nzima kuja kunipa ruhusa?

Ijumaa, 26 Septemba
Posta tena, benchi lile lile. Saa saba na nusu Nampula ikapokea.

Mkurugenzi mwenyewe. Sauti nzuri, Kiingereza chake laini, akanijua jina. Nikamuuliza kama nakala zilizogongwa muhuri na hakimu zitatosha. Akasema bahati mbaya hapana. Nikamuuliza vyeti vinakaa wapi. Akasema ofisini, kabatini, kwa usalama wangu. Nikamuuliza, na nikifiwa? Akasema tumwombe Mungu usifiwe.

Nyuma yake darasa lilikuwa linasoma kwa pamoja. Sauti za watu wazima, nzito, zinapanda neno kwa neno kama ngazi. Nikabana simu sikioni niwasikie vizuri. Mkurugenzi aliendelea kuongea, sikumsikia tena. Nilikuwa nawasikiliza wao mpaka muda ukaisha.

Watu wangu wale. Nimewasikia.

Jumapili, 28 Septemba
Mama ameondoka leo. Jana jioni nilimsomea barua ya Gervas, na ukurasa wa nne pia. Nilifika pale baba anapozikwa na majirani, mama akasema niishie hapo. Baadaye akaniuliza mawe yale yanageuka rangi gani, nikamwambia.

Nilimpa vyeti arudi navyo Kibaoni. Amekataa. Eti nimeshakuwa mtu mzima, nikae navyo, niamue navyo.

Jumanne, 30 Septemba
Leo ndiyo mwisho, na posta inafunga saa kumi. Nimefua. Nimefua na mapazia. Saa kumi nilikuwa naanika, nikaisikia kengele ya misheni, nikaendelea kuanika.

Nina hasira na yule mtu mwenye sauti nzuri. Angesema nakala tu! Neno moja. Ningekwenda kwa miguu.

Alhamisi, 2 Oktoba
Nimekwenda kwa mkuu wa shule kuomba kidato changu. Nilijiandaa kudhalilika. Alifuta jina la Katabi kwenye ratiba kwa wembe, akaandika langu. Katabi ameninunulia andazi kwa shukrani.

Mama Butoyi amemwambia yule mpangaji mwingine atafute pengine. Mjini wanasema mama yangu ndiye aliyenizuia, wengine mkuu wa shule. Waseme. Sikuzuiwa na mtu. Nimechagua mwenyewe, na inauma.

Kidato cha Tatu walisimama nilipoingia. Yule binti wa mbele akauliza, "Madam, kwani Nampula kukoje?"

Nilitaka kusema fungueni vitabu. Sikusema. Niliwaambia, kwa Kiingereza, polepole, wapate kufuata. Mawe peke yake kwenye nchi tambarare. Saa za jioni. Maua chini ya viatu. Fundi cherehani na barua za mjukuu wake. Nesi anayewahi. Nje kulikuwa na upepo wa vumbi na sikuuona.

Katikati hapo nikasema "darasani kwetu kule". Nikajisikia nikisema hivyo. Nikangoja mtu acheke.

Wote walikuwa wanaandika.